Kujisomea

Kiswahili kimejaaliwa ukarimu mkubwa katika vitenzi vyake, na aghalabu ukarimu huo hutuficha mambo. Tuna kusoma, tuna kusomesha, tuna kusomeshwa, tuna kusomeana, na mwisho wa safu, kama kitinda mimba aliyezaliwa wakati mama keshachoka, tuna kujisomea. Mzazi wa huku kwetu Busunzu, ukimuuliza habari za mwanawe, atakwambia, "Huyu namsomesha." Ni mara chache kumsikia akisema, "Huyu anasoma." Katika sentensi ile ya kwanza mtenda ni baba, aliyeuza mahindi na maharage apate kununua sare na madaftari, mtoto ni mtendwa tu. Simlaumu baba, kwani jasho ni lake. Ila tangu mtaala wa 2005 wataalamu wetu wanatwambia kuwa mwanafunzi ndiye awe kitovu cha somo, na siku hizi wameongeza kuwa kila mtoto ajifunze kwa mwendo wake mwenyewe, elimu iwe mali yake. Maneno mazuri. Nami kila niyasikiapo huuliza swali la kisarufi: katika sentensi hii, mtenda ni nani?

Msomaji wa visiwani huenda hapajui Busunzu. Ni katika nyanda za juu za Kigoma, baina ya Kasulu na Kibondo, mbali na bahari kiasi kwamba neno "pwani" kwetu ni neno la vitabuni. Lugha ya jikoni ni Kiha. Kiswahili mtoto hukikuta mlangoni mwa darasa, nacho humkuta hajavaa viatu. Sauti ya l na sauti ya r hazigombani vinywani mwetu, basi mtoto wetu huandika kwamba baba amekwenda kupiga kula na mama amewaita watoto waje kura ugali. Mwalimu hupiga mstari mwekundu na kuendelea, maana wengine tisini wanangoja mistari yao.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1978, katika shule iliyojengwa kwa ajili ya kijiji kipya kilichozaliwa na Operesheni Kigoma ya 1972. Mwaka mmoja kabla, Serikali ilikuwa imetangaza elimu ya msingi kwa wote, na watoto wakamiminika kuliko madawati. Baadhi ya walimu wetu walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba na kupewa mafunzo huku wanafundisha. Walifanya walichoweza. Mwalimu alisema, sisi tukaitikia. Akaandika, sisi tukanakili. Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliiandika Machi 1967 akitaka mtoto awe na akili ya kudadisi na uwezo wa kujiamulia, huku ilifika ikiwa jembe na bustani ya mchicha. Nililima sana. Kudadisi hakukuwamo katika ratiba.

Mwaka 1984 jina langu halikutoka miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari. Shule ya serikali ikaishia hapo kwangu.

Aliyenifungulia mlango wa pili ni mchuuzi wa dagaa kutoka Ujiji, mtu wa makamo, aliyekuwa akilala kwetu kila msimu. Katika kapu lake mlikuwa na kitabu kilichochakaa: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954. Sina haja ya kumtambulisha Sheikh Amri kwa wasomaji wa kurasa hizi. Labda nikumbushe tu kwamba alizaliwa Ujiji mwaka 1924, mkoa mmoja nasi, na kwamba alipofariki mwaka 1964 hakuwa ametimiza hata miaka arubaini na moja. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa na uzito. Mtu wa Kigoma alikuwa amewaandikia Waswahili wote sheria za shairi lao! Mchuuzi aliniachia kitabu kwa msimu mmoja, nami nikakinakili chote kwa mkono.

Hapo ndipo nilipokutana na tatizo la mizani. Kitabu kinakutaka uhesabu kwa vidole vyako mwenyewe. Nikaona kuwa "mtu" ni mizani mbili, na "mbuzi" nayo ni mizani mbili. Sasa kwa nini m ya "mtu" imesimama kwa miguu yake ikapata mizani kamili, na m ya "mbuzi" imebebwa mgongoni na mwenziwe? Mtoto wa Mkunazini au wa Lamu hana swali hilo. Sikio lake lilijibu kabla hajaota meno. Mimi sikio langu lilikuwa la Kiha. Swali lilikaa nami miezi, nikichunga mbuzi ambao majina yao yalinikera kwa mizani zao.

Jibu lilinijia kutoka nyumbani. Kwa Kiha mtu ni umuntu: u-mu-ntu. Kumbe ile m ya Kiswahili ilikuwa na irabu yake zamani, "mu", ikaidondosha njiani lakini haikuuacha uzito wake. Ndiyo maana "mtoto" ni mizani tatu na "mti" ni mbili. Ile ya "mbuzi" haikuwa na irabu ya kudondosha. Ilizaliwa imeshikamana na b. Siku hiyo nilikimbia kumtafuta mtu wa kumwambia, nisimwone. Wenzangu walikuwa shambani, na hata wangekuwapo, nani angejali? Baadaye nilijua kwamba wanaisimu walikwisha kuyaeleza hayo zamani kwa ufasaha zaidi. Hilo halikunipunguzia kitu. Kanuni ile ilikuwa yao kwa kuandika, na ilikuwa yangu kwa kuhangaika. Na lugha niliyokatazwa kuisema darasani ndiyo iliyonifundisha sheria ya ushairi wa pwani.

Kiingereza nacho nilijifunza kwa njia ya mkato isiyo ya mkato: kuweka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, kando ya Shakespeare mwenyewe, na kamusi katikati. Naipita habari hiyo, ni ndefu na ina usingizi mwingi.

Watu husikia hadithi kama hii wakamsifu mtu kwa kujisomea, kana kwamba upweke ni njia ya kufundishia. Siupendi usifu huo. Katika "kujisomea" ile -ji- huonekana mno, lakini pana na -e- pale mwishoni, kiambishi kisemacho kwamba jambo latendwa kwa ajili ya fulani, na hicho chatuambia faida ni ya nani. Hakisemi kwamba mtu awe peke yake. Nilichokosa miaka ile si mwendo wangu mwenyewe, huo nilikuwa nao tele. Nilikosa sikio la mtu.

Na hapa ndipo nionapo kwamba pwani ilikuwa na jambo hili kabla wataalamu hawajalipa jina. Chuoni, nilikokuona Ujiji nilipokuwa kijana na baadaye Unguja, watoto ishirini huketi jamvini pamoja na kila mmoja yuko mahali pake: huyu yumo katika alifu kwa ujiti, yule Juzuu Amma, mkubwa wao amekaribia kuhitimu. Hakuna anayengojwa wala anayeburutwa. Mkubwa humsikiliza mdogo, kisha kila mtoto hupita mbele ya mwalimu na somo lake, asomewe kosa lake. Sisemi chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwapo, na wengi walihitimu maneno wasiyoyajua maana. Lakini mwalimu alimjua kila mtoto yuko aya ya ngapi. Katika darasa letu la Busunzu, ni nani ajuaye mtoto yuko wapi?

Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, karibu watoto 3,000 walipewa kompyuta za mkononi zenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, wengi wao wakiwa hawajapata kukanyaga shule. Yalikuwa mashindano ya kimataifa, yaliyoitwa Global Learning XPRIZE, na majaribio yalichukua miezi 15. Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Watoto walijifunza, hilo halina ubishi, na nafurahi kwamba mashine zilisema Kiswahili. Hata hivyo ningependa kujua walichoambiana watoto walipokuwa wamekizunguka kifaa kimoja chini ya mwembe. Kifaa chaweza kumwambia mtoto kuwa "kura ugali" ni kosa, tena kwa upole kuliko kalamu nyekundu. Je, chaweza kumuuliza, "Kwenu mnasemaje?"

Mwalimu wa shule angeweza, lau angekuwa na watoto thelathini. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango, na mwaka uliofuata madarasa yakafurika tena kama enzi zetu. Heri yafurike kuliko mtoto abaki nyumbani. Lakini umwambie mwalimu wa watoto mia amfuate kila mmoja kwa mwendo wake, atacheka, na ana haki.

Jumapili alasiri watoto kadhaa huja barazani kwangu. Sharti ni moja: uje na swali lako, si la mwalimu. Wengi huja mara mbili wakachoka. Mjukuu wa jirani yangu, aliye darasa la saba, huu mwaka wa pili hajachoka. Shuleni wanamhesabu miongoni mwa wazito. Ana daftari alilolifanya kwa karatasi zilizobaki, upande mmoja maneno yenye l, upande wa pili yenye r, na katikati ameandika Kiha chake. Hakuna aliyemwagiza. Mtihani wake ni Septemba, na shangazi yake aliyeko mjini amekwisha kutuma nauli ili aende akafanye kazi za ndani kwa mtu. Bibi yake anaishika nauli hiyo katika pindo la kitenge. Hajaamua. Aliniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikamwambia amuulize mtoto. Akanitazama kama niliyesema Kirumi.

Jumapili iliyopita mtoto alikuja na hili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umeleta nini?"

"Umesema 'nchi' ni mizani mbili. Ikiwa 'nchini', ile n inabaki na mizani yake, au inaipoteza?"

Nilimwambia maoni yangu, naye akataka kujua wenye lugha wanasemaje. Nikaahidi kuuliza. Basi wasomaji wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, swali ni lake, na jibu naomba lifike kabla ya Septemba.