Deni la Saa

Siku ina saa 24. Tajiri haongezewi, wala maskini hapunjwi hata dakika. Katika mali zote alizopewa mwanadamu, hii ndiyo iliyogawanywa kwa usawa kamili, na ndiyo itumiwayo bila hesabu kuliko zote. Mtu mwenye kazi akitaka kusoma husema, "Nitatafuta wakati." Lakini wakati hautafutwi, maana haukupotea. Kila saa ya siku ina mwenyewe tayari: hii ni ya usingizi, ile ni ya mwajiri, nyingine ni ya mtoto, na nyingine ni ya jirani aliyefiwa. Atakaye saa ya kitabu hana budi kuikopa kwa mmoja wao. Nataka kueleza jinsi nilivyokopa mimi, kwa nani nilikopa, na kwa nani nilikataa kukopa.

Mimi ni muuguzi na mkunga katika wadi ya wazazi ya hospitali moja ya kaunti. Zamu ya mchana huanza saa moja na nusu asubuhi; zamu ya usiku huanza jua likitua, nayo huisha jua limekwisha panda. Kila mtoto azaliwaye huandikwa katika daftari kubwa: saa ya kuzaliwa kwake, uzito wake, umri wa mama yake, na hali waliyotoka nayo wote wawili. Kwa miaka tisa niliandika katika madaftari hayo, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyozidi kujiuliza yalikuwa yakisema nini. Kwa nini miezi mingine wachanga wenye uzito mdogo walikuwa wengi? Je, kina mama waliotoka mbali walifika wakiwa katika hatari kuliko wengine, au ni macho yangu tu yaliyoona hivyo? Macho ya mtu mmoja huona yale anayoyakumbuka. Hesabu huona yote. Hamu hiyo ndiyo iliyonifanya nitake shahada ya uzamili ya takwimu za afya, na njia ya kufika katika chuo nilichokipenda, huko Marekani, ilipita katika mlango wa mtihani.

Mtihani huo huitwa GRE. Ulianza mwaka wa 1936, ulipojaribiwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vinne vya Marekani: Harvard, Yale, Princeton na Columbia. Baadaye ukawekwa mikononi mwa shirika la ETS, lililoundwa mwaka wa 1947. Zamani mtahiniwa aliketi kwa karibu saa nne. Tangu Septemba mwaka wa 2023 mtihani umefupishwa ukawa wa saa 1 na dakika 58. Kwanza huja insha ya dakika 30. Kisha maswali 27 ya lugha ya Kiingereza na mengine 27 ya hesabu, kila somo katika vipande viwili. Kipande cha pili huwa kigumu au chepesi kwa kadiri mtu alivyojibu kile cha kwanza. Alama za kila somo huanzia 130 na kukomea 170. Katika miaka ya karibuni idara nyingi za vyuo zimeacha kuudai mtihani huu, lakini ile niliyoiomba ilikuwa miongoni mwa zilizoendelea kuudai.

Ada yake nilipojiandikisha ilikuwa dola 220. Niliwaomba wenzangu wa chama wanitangulize katika mzunguko, wakakubali, nami nikarudisha kila mwezi mpaka nikamaliza. Deni la fedha lina tarakimu, na chenye tarakimu hujulikana mwisho wake. Deni la saa halina tarakimu. Ndiyo sababu watu wema, ambao hawawezi kukaa na shilingi ya mwenziwe, hukaa na saa za wenzao miaka mingi bila kuona haya.

Huenda msomaji akadhani kuwa hesabu za mtihani wa namna hii ni za kutisha. La, hasha. Ni hesabu za sehemu na asilimia, aljebra, jiometri na usomaji wa takwimu: mambo yale yale ambayo wewe unafundishwa sasa katika shule ya upili. Trigonometria haimo, wala kalkulasi. Ugumu wake uko katika wakati, kwa kuwa maswali 27 hupewa dakika 47, yaani chini ya dakika mbili kwa kila swali. Nilirudi kwenye uwiano na asilimia baada ya miaka mingi, lakini nilikuta hatukuachana kabisa. Daktari akiagiza mgonjwa apewe maji mililita 1000 kwa saa 8, na mpira wa kupitishia maji unatoa matone 20 kwa kila mililita, muuguzi hana budi kujua ni matone mangapi yadondoke kwa dakika. Ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani karibu 42. Hesabu hiyo nilikuwa nimeifanya mara nyingi, tena mbele ya mtu aliyeihitaji jawabu yake. Kazi iliyoshika saa zangu ilinirudishia sehemu yake kwa mlango wa nyuma.

Mkopeshaji wa kwanza aliyejitokeza alikuwa wadi yenyewe. Saa tisa usiku, wazazi wamelala, watoto wamenyonya, na taa moja inawaka mezani, hapana mahali penye utulivu kama pale. Kitabu kilikuwa mkobani. Kama ningekifungua, hakuna ambaye angenilaumu. Mkunga mmoja aliyekaribia kustaafu, ambaye sote tulimwita Mama, aliona mahali macho yangu yalipokuwa yakitazama. Akasema, "Mwanangu, kitabu hakitoki damu. Kinaweza kungoja."

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. Hakuongeza neno, na neno lile nikalifanya sheria yangu kwa miezi yote iliyobaki.

Katika juma la pili la zamu hiyo, nilipokuwa nikizunguka vitandani, nilimgusa mzazi mmoja aliyejifungua saa chache kabla. Alikuwa ametulia kama aliyelala. Mkono wake ulikuwa baridi wenye jasho, na mshipa ulipiga mbio. Nilipofunua shuka, godoro lilikuwa limelowa damu. Tulifanya kama tulivyofunzwa: mmoja alisugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, mwingine akampa oksitosini, wa tatu akakimbia kumwita daktari na kutafuta damu. Kulipopambazuka alikuwa hai, naye akauliza mtoto wake yuko wapi. Usiku mwingine wote wa juma lile nilizunguka vile vile, na sikukuta jambo. Ndivyo ulinzi ulivyo. Malipo ya usiku mwingi ni kimya, na malipo ya usiku mmoja ni uhai wa mtu. Wala mlinzi hajui ni usiku gani mpaka awe amekwisha uzunguka. Saa za mgonjwa hazikuwa zangu, basi sikuwa na haki ya kuzikopa, hata kama mwenyewe alikuwa usingizini.

Mkopeshaji wa pili ni usingizi wangu mwenyewe. Huyu ni mwepesi wa kukopesha, lakini ni mkali wa kudai. Wanafunzi wengi hujisifu kwa kukesha, kana kwamba macho mekundu ni cheti. Mwaka wa 1924 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach, walichapisha habari za jaribio lao: watu waliojifunza silabi zisizo na maana kisha wakalala, walizikumbuka zaidi kuliko walipojifunza na kukaa macho kwa muda ule ule. Basi anayekesha ili ajifunze hujaza maji katika mtungi alioutoboa mwenyewe. Tena mimi nilikuwa na sababu kubwa kuliko hiyo: mkono uliokosa usingizi haufai kupima dawa. Kwa usingizi sikukopa ila nusu saa ya alfajiri, na hiyo nayo ni katika siku nilizokuwa sina zamu.

Nilikopa wapi basi? Nilikopa katika safari ya matatu ya kwenda na kurudi kazini, ambamo nilikariri maneno magumu ya Kiingereza niliyoyaandika katika vikaratasi. Nilikopa kwa mwenzangu mmoja, aliyenishikia zamu mara nne ili niweze kufanya mtihani wa majaribio kwa muda wake kamili. Na nilikopa kwa mwanangu.

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka minane. Saa moja ya jioni, baada ya chakula, ilikuwa yake kila nilipokuwa nyumbani. Niliiomba kwake kama mtu aombavyo kwa mtu mzima. Nilimwambia kuwa ni kwa miezi sita, na kwamba alasiri ya kila Jumapili nisiyokuwa kazini ingebaki yake, wala kitabu hakitafunguliwa.

Akauliza, "Na ukishindwa, Mama, utaiomba tena?"

Nikajibu, "Nitaiomba, nawe utakuwa na ruhusa ya kukataa."

Alifikiri kitambo, akakubali. Tangu jioni ile sikuweza kuichezea saa hiyo. Mtu akijua jina la aliyemkopesha, hatumii mkopo ovyo. Simu niliiacha chumba kingine. Wageni walikaribishwa na mama yangu. Na kitabu nilikifungua pale pale nilipokifunga jana, pasipo kutafuta ukurasa.

Saa moja ni kitu kidogo, lakini bandu bandu huisha gogo. Mwaka wa 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu, baada ya kujijaribu mwenyewe kwa muda mrefu. Aliona kuwa tunasahau kwa haraka mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio yaliyorundikwa pamoja. Habari hii ni faraja kubwa kwa mtu mwenye kazi, kwa kuwa yeye hana siku nzima ya kurundika, ila ana vipande vya siku nyingi. Nilichosoma leo nilikirudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Majuma ya zamu za usiku sikuanza jambo jipya. Nilipitia ya zamani tu. Nilijua nina kiasi gani, nikajikuna pale mkono ulipofika.

Nilifanya mtihani mjini Nairobi. Nilisafiri siku moja kabla, nikalala mapema. Katika kipande cha pili cha hesabu maswali yalikuwa magumu kuliko yale ya kwanza, nami nikafurahi, kwa sababu nilijua maana yake. Mwishoni kompyuta ilinionyesha alama za awali: hesabu 161, lugha 153. Si alama za kupigiwa ngoma, lakini zilitosha kwa safari yangu, na barua ya kukubaliwa ninayo sasa.

Msomaji kijana, yamkini siku moja utakuwa na kazi na mtihani kwa pamoja. Watu watakwambia ujitahidi, na ni kweli. Lakini juhudi isiyouliza inakula cha nani huweza kuwa wizi wenye sifa njema. Kabla ya kufungua kitabu, andika majina ya wote ambao saa zao utazitumia. Asiyeweza kukubali wala kukataa, kama mgonjwa aliyelala, usimguse. Anayeweza kukubali, mwombe waziwazi, mpe kikomo, kisha umlipe. Wahenga walikwisha kusema kuwa dawa ya deni ni kulipa.

Mimi bado nalipa. Mwenzangu aliyenishikia zamu sasa anasomea shahada yake ya kwanza, nami namshikia Jumamosi mbili kila mwezi. Saa ya jioni imekwisha kurudi kwa mwanangu, naye mara nyingi huitumia kuniuliza habari za sehemu na desimali. Lakini shahada ninayoiendea ni ya miaka miwili, na miaka miwili ni mkopo usiolingana na ule wa kwanza. Nimemwomba mara ya pili. Nimemweleza yote: urefu wa njia, bibi yake atakayekaa naye, na kwamba akikataa nitatafuta namna ya kwenda naye au mlango mwingine wa elimu hiyo hapa nyumbani. Bado hajanijibu. Simharakishi, kwa kuwa ruhusa ya kukataa nilimpa mwenyewe, na barua ya chuo, kama kitabu kile, inaweza kungoja kidogo.