Kidole Kilichochovywa Pombe

Jumamosi moja baada ya mavuno ya kahawa tuliteremka wawili, marafiki wa siku nyingi, kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay kutazama ngoma ya mganda. Wanaume walijipanga mistari kama askari. Chini ya miembe pombe ya mahindi ilikuwa tele. Kwetu Umatengoni pombe huita watu kulima ngolo, hivyo hatukwenda kumshangaa mtu. Tulikunywa soda zetu.

Karibu nasi mama kijana alikuwa na kichanga kinacholia. Akachovya kidole kikombeni, akamlambisha.

“Ili alale, mama.”

Tulimpokea mtoto. Alikuwa wa moto! Tukamweleza kwamba ini lake bado changa, na pombe humshushia sukari mwilini. Usingizi ule waweza kuwa kuzirai. Tukaongozana naye hadi kwa mganga. Ilikuwa malaria.

Kanisani tumesema sana juu ya ulevi wa akina baba. La kidole hatujawahi kuligusa.

Njiani alituuliza, “Mbona mama mkwe amelea saba hivi hivi?”

Tulitembea kitambo kabla ya kumjibu.