Presha Ambayo Si ya Damu

Mjomba wangu ni fundi cherehani mjini Masaka. Kwa miaka mingi alisifika kwa suti za harusi, kisha wateja wakaanza kurudisha nguo zenye mishono iliyopinda. Nyumbani tulicheka, tukasema ni uzee. Alipoanza kugonga miimo ya milango kwa bega la kushoto ndipo mkewe akamlazimisha kwenda hospitali. Huko akaambiwa ana presha ya macho, yaani glakoma.

Neno hilo ndilo lililotuponza. Mjomba alikuwa tayari anameza vidonge vya presha, ile ya damu. Akaona kidonge kimoja kinatosha presha zote mbili, akaacha matone ya macho yaliyokuwa yakimgharimu fedha nyingi. Hakuna aliyemsahihisha, hata mimi ninayesoma Kiswahili chuo kikuu. Kwa Kiganda nako tunasema "puleesa", kwa hiyo lugha zote mbili zilimpa sababu. Baada ya miezi minane alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Nikaanza kusoma, kwa uchungu zaidi kuliko kwa udadisi. Presha hii ni ya maji. Jicho hutengeneza maji safi kila wakati, nayo hutoka kupitia wavu mdogo sana ulio pembeni, karibu na pale weupe wa jicho unapokutana na sehemu yenye rangi. Wavu ukikaza, maji hukosa njia na shinikizo hupanda. Kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa wapo wanaougua hata likiwa ndani ya kiwango hicho.

Nilidhani basi kwamba maji huponda neva ya jicho kama jiwe linavyoponda karanga. Sivyo. Seli huhisi kubanwa, na hujibu. Kila seli ina jeni, yaani maelekezo ya kutengenezea protini, lakini haizitumii zote kwa wakati mmoja: nyingine zimewashwa, nyingine zimezimwa. Shinikizo likipanda, mpangilio huo hubadilika. Seli za ule wavu zikivutwa maabarani huongeza kazi ya jeni iitwayo MYOC, na ni jeni hiyohiyo ambayo mwaka 1997 iligunduliwa kuwa na kasoro katika baadhi ya familia zenye glakoma. Dawa za steroidi nazo huiamsha, na matone yenye steroidi huweza kupandisha shinikizo kwa baadhi ya watu. Mjomba alizoea kununua dukani matone ya macho mekundu bila kuandikiwa na daktari. Chupa zilishatupwa, kwa hiyo hatutajua yalikuwa na nini.

Nyuma ya jicho ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi. Kila jicho lina seli zipatazo milioni moja zinazopeleka habari za picha kwenye ubongo. Nyuzi zake hutokea pamoja sehemu moja, na hapo ndipo hubanwa. Katika panya waliopandishwa shinikizo la macho, seli hizo hupunguza kazi ya jeni ya Thy1, moja ya alama zinazozitambulisha, kabla hazijafa. Seli jirani zinazozitunza huzidisha kazi ya jeni ya GFAP, kama wanakijiji waliosikia yowe. Jeni za kinga huamka pia, zikiwemo za protini ya C1q, ambayo huweka alama kwenye maungio ya seli ili yaondolewe. Mwili wenyewe unashiriki kubomoa.

Kabla hazijafa. Maneno hayo mawili yalininyima usingizi, maana miezi minane ya mjomba ilipita humo, bila maumivu yoyote ya kumwonya.

Likizo iliyopita nilimweleza tena, safari hii bila kutumia neno presha. Nikasema, "Mjomba, maji ya jicho yamekosa njia."

"Kama mtaro ulioziba?"

"Ndiyo, Mjomba. Na yakijaa, seli za ndani huanza kubadilisha kazi zake, halafu hufa."

Akanyamaza, akipapasa ukingo wa meza. "Mbona hawakuniambia ni maji?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu wetu hupenda tuseme "shinikizo", lakini sokoni hakuna anayelisema.

Sasa anaweka tone kila usiku. Uoni uliopotea haurudi, ila uliobaki bado unamwezesha kukata kitambaa. Daktari alisema ndugu wa damu tumo hatarini zaidi, tukapimwe. Mimi nilipimwa: 17 jicho moja, 18 la pili. Mama, dada yake wa tumbo moja, bado anasema macho yake hayana shida.