Kipya kinyemi: somo la Pate kwa wapenda supamaketi

Ndugu msomaji, je, ulikuwapo Mei 2016 Carrefour ilipofungua duka lake la kwanza nchini Kenya, pale The Hub, Karen, jijini Nairobi? Kama hukuwapo, bila shaka umepata kuingia duka kubwa jipya la aina hiyo: taa zinang'aa, mkate bado una moto, na watoto wanamvuta mama huku na huko. Furaha tupu! Lakini kabla hujalisahau duka la jirani, hebu twende Pate.

Ukifika Lamu, panda mashua ipitayo Mkanda. Usiwe na haraka, maana njia hiyo hungoja maji yajae. Utashukia Mtangawanda, kisha utashika njia ya mguu hadi mji wa Pate. Humo mna vichochoro vyembamba na vijiduka ambamo muuzaji anamjua kila mtoto, na babaye pia.

Pembeni mwa mji yamesimama magofu ya mawe ya matumbawe. Nyumba kama hizo zilikuwa na vidaka ukutani, vikapangwa vyombo vya kaure kutoka China. Katika karne ya 16 Wareno walizitafuta nguo za hariri zilizofumwa papa hapa. Pembe za ndovu zilitoka, vitambaa vya India vikaingia. Kwa lugha ya leo, Pate ya masultani wa Kinabahani ilikuwa supamaketi ya pwani!

Kulitokea nini? Wakubwa waligombea kiti, na katika miaka ya 1810 Pate na wenzake Wamazrui wa Mombasa wakashindwa na Lamu katika vita vya Shela. Biashara ikahamia Lamu na Unguja. Majumba yale yaliyohamwa ndiyo aliyoyazingatia Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi. Baadaye wenyeji wakalima tumbaku katikati ya kuta zake.

Usidhani hayo ni ya kale tu. Nakumatt, ambayo jina lake limetokana na Nakuru na magodoro, ilipata kuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Madeni yakaizidi, waliokuwa wakiiletea bidhaa wakakosa kulipwa, rafu zikabaki tupu. Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Wafanyakazi waliovaa sare zake kwa fahari wakabaki kutafuta riziki kwingine.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sikukatazi, msomaji, kwenda kwenye ufunguzi. Wachukue watoto mkafurahi. Ila ukirudi jioni, pitia kwa yule muuzaji wa mtaani umnunulie japo kiberiti. Tarehe 25, mfuko ukiwa mtupu, ni yeye atakayefungua daftari na kukuandikia kilo ya sukari. Huko kwenye taa nyingi, hakuna daftari lenye jina lako.