Maji Masafi ya Matadi

Mwezi wa saba, shule zilipofungwa, nilisafiri mpaka Matadi kumsaidia wifi yangu aliyejifungua mtoto wa tatu. Kutoka kwetu Kalemie ni kuvuka nchi nzima: ndege mpaka Kinshasa, halafu basi kilometa 350 hivi, kupitia Kisantu, Mbanza-Ngungu na Kimpese. Nilifika usiku, kiuno kinauma, na asubuhi ndipo nilipouona mji.

Kwa Kikongo neno matadi maana yake ni mawe, na jina halidanganyi. Nyumba zimepanda juu ya vilima kama mbuzi. Chini kabisa ni mto Kongo na bandari, ambapo meli zinafika kutoka baharini, kilometa karibu 150. Haziwezi kupita hapo kwa sababu ya maporomoko. Ndiyo maana reli ya kwenda Kinshasa ilijengwa, kazi ya miaka minane iliyoisha 1898 na kuua watu wengi. Ukisimama nyuma ya nyumba ya wifi unaona daraja kubwa la mwaka 1983. Nilikaa pale kila asubuhi na chai yangu.

Lakini mama anayeishi kilimani hana nafasi ya kutazama daraja. Anafikiria maji. Mwezi wa saba kule ni kiangazi: mawingu kila siku, mvua hakuna. Bomba linatoa maji siku moja, siku tatu limekauka, na likitoa ni usiku wa manane. Kwa hiyo kila parseli ina mapipa, bidoni, mabeseni, sufuria kuukuu. Wifi ana mapipa manne makubwa. Maji yake ni safi, unaona hadi chini.

Siku ya tatu nilikwenda kuchota ya kumwogesha mtoto. Ndani ya pipa nikaona vidudu vidogo vinapanda na kushuka, vinajipinda. Viluwiluwi vya mbu, makumi. Nikaita, "Wifi, njoo uone." Akacheka: "Mama Mwalimu, hivyo ni vidudu vya maji tu. Tunachuja na kitambaa."

Nilinyamaza, kwa sababu niliona aibu. Miaka kumi na moja nachora mbu ubaoni kando ya mtaro mchafu na majani marefu, na watoto wanaandika kwenye daftari: mbu anatoka kwenye uchafu. Parseli ya wifi inafagiwa mara mbili kwa siku. Hakuna jani, hakuna mtaro. Na mbu wanazaliwa humo humo, ndani ya maji ambayo mama ameyatunza kuliko kitu chochote.

Mbu huyu si yule wa malaria. Ni mweusi, mwenye mistari myeupe miguuni. Anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, wakati chandarua kimefungwa juu. Haruki mbali: aliyezaliwa kwenye pipa lako atakuuma wewe na jirani yako. Ndiye anayebeba homa ya manjano mijini.

Tulipokuwa bado tunabishana, jirani mmoja aliingia kumwona mtoto. Ni mama wa miaka hamsini na kitu. Alisikia neno homa ya manjano akakaa kwenye kiti. Alizungumza Lingala na wifi akanitafsiria.

Mdogo wake alikuwa anafanya biashara kati ya soko la Lufu, mpakani, na Luanda. Mwaka 2016 alirudi na homa, kichwa na mgongo vinauma. Wote walisema ni malaria, akanywa dawa. Siku ya nne akaamka hana homa, akaomba fufu. "Alipoomba fufu tulicheka, tukamshukuru Mungu," alisema. Kesho yake macho yalikuwa ya manjano, akaanza kutapika vitu vyeusi. Walimfikisha hospitali, akafa baada ya siku mbili. Ugonjwa huu kwa watu wengine ndivyo unavyofanya: unapumzika siku moja, halafu unarudi. Hakuna dawa ya kuuponya. Wauguzi wanaweza tu kumsaidia mgonjwa ashindane nao.

Nilimuuliza kama nyumbani kwake kulikuwa na mapipa. Alinitazama tu. Mapipa yalikuwa mlangoni mwa chumba cha mgonjwa.

Mlipuko ule ulianza Luanda mwishoni mwa 2015, nayo ni bandari pia. Wengi wa wagonjwa waliothibitishwa huku kwetu walikuwa wameambukizwa Angola. Chanjo ikapungua duniani kote, hata mwezi wa nane 2016, Kinshasa, watu zaidi ya milioni saba walipewa sehemu moja ya tano ya kipimo ili itoshe. Katika nchi zote mbili walichanjwa zaidi ya watu milioni 30, na mwezi wa pili 2017 Kongo ikatangaza kwamba umeisha. Chanjo ndiyo iliyotuokoa, sibishi. Lakini mapipa yalibaki yalivyokuwa, na mwaka 2019 mbu wa ukoo uleule wakaeneza chikungunya Kinshasa na Kongo-Central.

Jioni nilimsimulia wifi habari ya Havana, bandari ya Cuba, ambayo niliisoma chuoni kwa ajili ya mtihani na kuisahau. Waamerika walipoutawala mji huo baada ya vita vya 1898, daktari wao William Gorgas aliamini kwamba homa ya manjano inatoka kwenye uchafu. Wakafagia barabara, wakaondoa takataka, wakasafisha mitaro. Magonjwa mengine yakapungua. Homa ya manjano ikaongezeka! Mwaka 1900 iliua watu 310 mjini. Tangu 1881 daktari wa palepale, Carlos Finlay, alikuwa anasema ni mbu, wakamcheka. Mwaka 1900 majaribio ya Walter Reed yakaonyesha kwamba alisema kweli. Hapo Gorgas akaacha barabara akaingia ndani ya nyumba. Wakaguzi walifungua kila pipa na kila mtungi, wakafunika, wakamwaga mafuta juu ya maji yasiyonywewa, wakatoza faini, wakaweka wavu kwenye chumba cha mgonjwa ili mbu wasimuume na kumpelekea jirani. Mwaka 1901 walikufa 18. Mwaka 1902 hakufa hata mmoja.

Wifi alisikiliza vizuri, halafu akauliza swali la mama wa kweli: "Maji haya nimeamka saa nane ya usiku kuyakinga. Unataka niyamwage?"

Kitabu changu cha chuo hakikuwa na jibu. Tulilitafuta sisi wenyewe, mimi, yeye na jirani. Tulichuja maji ya pipa la kwanza kwa kitenge na kuyahamisha, tukavimwaga viluwiluwi kwenye vumbi kavu. Kisha tukasugua pipa kwa brashi, sana kwenye kuta, kwa sababu mayai yanashikamana juu ya mstari wa maji na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri. Kumwaga bila kusugua ni kazi bure. Mfuniko wa bati ulikuwa na nafasi ya kidole. Tukaweka kitambaa na kukifunga kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Tangu hapo wanamaliza pipa moja kabla ya kugusa lingine, na kila linaloisha linasuguliwa. Kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja tu.

Nimerudi Kalemie. Sisi pia ni bandari; mashua zinakuja kutoka Kigoma, Uvira na Moba, na watu na mizigo. Siku ya kwanza nilikagua nyumba yangu kwa kiburi kidogo, nikijua sina pipa la wazi. Halafu nikakumbuka kabati la chakula. Marehemu bibi alinifundisha kuweka miguu yake minne ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Wafaransa walipokuwa wanachimba mfereji Panama miaka ya 1880 walifanya hivyohivyo kwa vitanda vya wagonjwa hospitalini, wakafuga mbu chini ya wagonjwa wao wenyewe. Nilipiga magoti na taa ya simu. Makopo mawili kati ya manne yalikuwa na viluwiluwi, hatua tatu kutoka kitanda cha mwanangu.

Sasa makopo yana majivu makavu. Siafu bado hawajapanda, tutaona mvua ikianza. Jumamosi baada ya mkutano nitapita na brashi kwa kila mama atakayependa tuangalie pamoja, kuanzia mtaa wa karibu na bandari. Mwenye mpira wa zamani wa baiskeli auleta. Na mwenye mtoto wa miezi tisa ambaye hajachanjwa, aje na kadi yake nimwonyeshe siku ya kwenda kituo cha afya.