F10 kabla ya mvua

Juzi hapa Kapkatet, kipanya cha mtoto wa kaka yangu kilikufa ghafla, naye akabaki ameketi mikono mapajani. Barua yake ya kuomba kazi ilikuwa wazi kwenye skrini, haijahifadhiwa, na mawingu yameshatanda. Nikamwambia, "Bonyeza Ctrl na S." Akanitazama. "Shangazi, hiyo ni nini?" Swali hilo liliniuma.

Kompyuta nilijifunzia papa hapa, 1994. Nimekitafuta cheti, kumbe ni 1995; basi, na iwe hivyo. Ni chumba kimoja, kompyuta nne zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, na harufu ya majani ya chai kutoka kiwandani imejaa dirishani. Kipanya hakikuwapo. Programu ilikuwa WordPerfect 5.1, skrini ya buluu tupu. Juu ya vitufe vya F mwalimu aliweka ukanda wa plastiki wenye maandishi ya rangi: meusi, bonyeza kitufe peke yake; ya kijani, pamoja na Shift; ya buluu, Alt; mekundu, Ctrl. F6 hukoza herufi, F8 hupiga mstari, F10 huhifadhi, Shift na F7 huchapisha. Wiki ya tatu akauondoa ukanda. "Sasa vidole ndivyo vikumbuke," akasema.

Mvua ya huku huja alasiri, na radi ikipiga, stima hupotea. Mwalimu alikuwa akifundisha huku jicho liko kwenye mashamba ya chai. Weusi ukianza kupanda mlimani, alisema neno moja tu: "F10!" Tulibonyeza sote, diski zikakoroma, kazi ikapona.

Windows ilipotufikia, menyu ziliendelea kufundisha: kila neno lilikuwa na herufi iliyopigiwa mstari, ukishika Alt na herufi hiyo, mlango unafunguka. Office ya 2007 ikaziondoa menyu hizo, herufi zikajificha mpaka uguse Alt. Zikaja simu, na herufi za mkato zikasahaulika, pamoja na waliotuletea. Larry Tesler, ambaye miaka ya 1970 katika kampuni ya Xerox, pamoja na Tim Mott, alitupatia kukata, kunakili na kubandika, alifariki 2020. Darasani kwetu hakutajwa.

Leo kijana anapewa cheti cha kompyuta bila kufundishwa hata herufi moja ya mkato. Anayemfundisha hivyo anamnyima mkono wake wa pili.

Radi ikasikika upande wa Litein. Nikakishika kidole chake kidogo, nikakiweka juu ya Ctrl. S akaitafuta mwenyewe.