Masika amemaliza ya sita: tumpeleke shule gani?

Beni. Juma hili sileti habari ya barabara wala ya bei ya sokoni. Naleta habari ya nyumbani kwangu. Tangu matokeo ya ENAFEP yatoke, watu watano wamenisimamisha njiani kuniuliza jambo lilelile lililotuhangaisha mwezi wote wa nane: mtoto anayewapita wenzake, akimaliza kalasi ya sita, apelekwe wapi?

Wetu nitamwita Masika. Si jina lake, lakini huku kwetu akina Masika ni wengi, hakuna atakayemtambua. Ni binti wa kaka yangu mkubwa, aliyeuawa katika shamba lake la kakao upande wa Oicha. Shemeji alifika hapa na watoto watatu, sufuria moja, na godoro lililofungwa nyuma ya pikipiki. Tangu siku ile tunakaa wote nyumba moja. Masika ananiita Baba mdogo. Amemaliza ya sita akiwa na miaka kumi na miezi.

Walipokimbia alikuwa katikati ya kalasi ya tatu. Mwaka ule ukapotea. Mwezi wa tisa tulimpeleka shule ya karibu, direkta akadai buletini. Buletini gani? Ilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ilichomwa. Kwa bahati direkta wao wa kule Oicha alikuwa naye amekimbilia hapa, na katika vitu vichache alivyookoa alibeba kaye ya palmaresi. Aliturudishia mtoto kwa karatasi moja: jina, kalasi, asilimia, sahihi. Mpaka leo sijui kwa nini mtu anayekimbia risasi anabeba kaye ya palmaresi, lakini Mungu ambariki. Wale ambao mumekuja na hamna karatasi, mtafuteni kwanza direkta wenu wa zamani. Mara nyingi hayuko mbali, ni mhami kama ninyi.

Basi akawekwa kalasi ya nne. Mwezi wa pili haukuisha, mwalimu akamwita mama yake: “Mama, huyu anakaa bure hapa. Anamaliza devwa mbele sijamaliza kuiandika ubaoni.” Wakampandisha ya tano. Ndivyo alivyopata tena mwaka uliopotea.

Sasa ya saba. Hapo ndipo mfuko wa mzazi unaanza kulia. Tangu mwaka wa shule 2019-2020 shule ya msingi ya serikali ni bure, na Katiba yetu katika kifungu cha 43 inasema hivyo. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inahesabu kalasi ya saba na ya nane ndani ya elimu ya msingi ya miaka minane. Lakini bure yenyewe inaishia ya sita. Ukivuka mlango wa ya saba unalipa minervali, na unaonyeshwa orodha ya vitu vingine ambavyo huwezi kukataa.

Tulikuwa na shule tatu mbele yetu, na watu wazima watatu ndani ya nyumba, kila mmoja na yake.

Mimi nilitaka Butembo. Kuna shule kule yenye intenati, wasichana peke yao, jina lake linajulikana mpaka Bunia. Nilijiambia: mtoto mwenye kichwa kama hiki awekwe pale ambapo wenye vichwa wako. Na nisiwafiche, kulikuwa na kiburi kidogo. Nilijisikia tayari nikiwaambia watu kwamba mtoto wa marehemu anasoma pale.

Shemeji alitaka shule iliyohama kutoka Oicha, ile inayoazima majengo ya shule nyingine hapa mjini na kusoma mchana. Waalimu wanamjua, walimjua na baba yake. Watoto wa mjane hawafukuzwi kwa ajili ya pesa. Aliniambia, “Shemeji, siku usalama utakaporudi, shule ile itarudi nyumbani, na mimi nitarudi nayo.” Nilijibu nini? Nilinyamaza.

Mke wangu alitaka shule ya mtaa, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Hakuwa na maneno mengi. “Atakula nyumbani,” alisema. Nilimwona hafikiri mbali.

Nilipanda basi kwenda Butembo. Prefe alinipokea vizuri, akanionyesha ukutani matokeo ya Examen d'État ya miaka iliyopita: karibu wote wamepita, mwaka hadi mwaka. Nilitaka kulipa palepale. Lakini kazi hii ya kuuliza watu maswali inaharibu mtu. Nikamuuliza: “Prefe, hawa waliofika mwisho, walipoingia ya saba walikuwa wangapi?” Akacheka. Akasema waliingia kalasi mbili zilizojaa, wakabaki nusu kalasi. Na wale wengine? Walishindwa, wakatafuta shule nyingine. Alisema bila haya, na kwa kweli sidhani aliona haya inatoka wapi. Nikaelewa kwamba ule ukuta unahesabu waliobaki. Masika si wa kuachwa, najua. Lakini nilirudia kuangalia asilimia zile kwa macho mengine.

Kisha pesa. Tranchi ya kwanza, pamoja na intenati, dola 120, bila godoro, ndoo, mashuka, iniforme mbili na viatu vyeusi. Ukijumlisha yote unakuta minervali ya kaka zake wawili kwa mwaka mzima imekwenda. Kaka zake si wabaya shuleni. Ni watoto wa kawaida tu, na mtoto wa kawaida naye anahitaji shule.

Shule ya mchana ya watu wa Oicha nilikwenda kuiona siku mbili. Waalimu ni wazuri, nawatolea kofia: wamepoteza nyumba zao na bado wanasahihisha kaye. Lakini wanaingia saa saba, na kila kipindi kimekatwa ili wamalize mbele ya giza. Hapa kwetu saa kumi na mbili jua limekwisha. Toka pale mpaka nyumbani ni zaidi ya nusu saa kwa miguu, na tangu mwezi wa tano 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa. Sina haja ya kuwaeleza wakaaji wa Beni maana ya msichana wa miaka kumi kuwa njiani saa ile. Nilimwambia shemeji hivyo. Alijibu jambo lililoniuma: “Kumbe munaogopa njia ya nusu saa, na Butembo hamuogopi.” Alikuwa na haki.

Ikabaki shule ya mtaa. Nilikwenda bila moyo, nikamchukua na Masika mwenyewe, kwa sababu mama yake alikataa kuja. Kalasi ya saba ina zaidi ya watoto sabini, wanne kwenye benchi la watatu. Maktaba hakuna. Prefe hakuwapo. Tulimkuta mwalimu mmoja mzee wa hesabu, anapanga chaki zake kufuatana na urefu, vipande vingine vidogo kama jino. Nikamweleza habari ya mtoto. Hakunisikiliza sana. Alimgeukia yeye.

“Nambari mbili, jumla yake 30, tofauti yake 6.”

“Kumi na nane na kumi na mbili.”

“Umejuaje?”

“Nimetoa ile sita kwanza, nikagawa kwa mbili.”

Mzee akaandika nyingine ubaoni: kuku na mbuzi katika zizi, vichwa 35, miguu 94. Masika alifikiri, akaomba chaki, akahesabu wote kama kuku, miguu 70, akaona inabaki 24. Mbuzi kumi na wawili, kuku ishirini na watatu. Nilikuwa nimejaa furaha kama mtu aliyeshinda mwenyewe. Lakini mwalimu hakumsifu. Alimwambia, “Sasa jumlisha nambari zote kutoka moja mpaka mia moja. Usijibu leo. Na usiniletee jibu bila njia yake.”

Usiku ule alikaa na taa ya sola mpaka ikazimika. Tangu amefika kwetu, miaka yote hii, sikuwahi kumwona ameshindwa na kitu cha shule. Nilimwona sasa. Alifuta, akaandika, akafuta. Kaka zake walimtania, hakuwasikia. Asubuhi aliniamsha: kumi za kwanza zinafanya 55, kumi zinazofuata 155, kisha 255, kila mstari unaongeza mia, mpaka 955. Jumla 5.050. Alikuwa hajanawa uso. Akataka turudi shuleni palepale, siku ya posho, shule imefungwa.

Siku ya kwanza tulirudi. Mzee alisoma karatasi, akauliza: “Kwa nini mstari unaongeza mia, si kumi?” Masika akafungua mdomo, akaufunga. Kisha: “Kwa sababu kila moja kati ya zile kumi imeongezeka kumi.” Mwalimu akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwake.

Nilikuwa nimetafuta shule kwa jina lake, kwa ukuta wake, kwa waliopita. Sikuwa nimemtafuta mtu atakayempa mtoto huyu kitu asichoweza. Kule msingi alikuwa anashinda bila kutoka jasho, na miaka sita ya namna ile inaweza kumzoesha mtoto uvivu wenye asilimia 90. Nilimuuliza mzee kama yeye ndiye atafundisha ya saba. Akasema ya saba na ya nane, zote mbili, asubuhi. Na kama hawatamhamisha. Hilo hakuna anayeweza kuliahidi.

Kuna jambo lingine alilotufungua macho, nami nililijua lakini sikulifikiria. Ya saba na ya nane ni masomo yaleyale kwa wote. Mwisho wa ya nane kunakuja TENASOSP, na hapo ndipo mtoto anachagua sekseni: sayansi, pedagojia, biashara, ufundi. Anayekwenda sayansi anahitaji maabara, na maabara shule ya mtaa haina. Basi swali la Butembo halikufa, tumelisogeza miaka miwili mbele. Atakuwa na miaka kumi na miwili. Tutakuwa tumeweka dola moja moja.

Jioni tulikaa wote. Nilimuuliza Masika mwenyewe, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kupanda basi. Alisema haogopi Butembo, ila hataki kuwa mdogo kuliko wote katika chumba cha kulala na usiku mama hayupo. Kisha akauliza nani atawasaidia kaka zake devwa. Mama yake alilia. Alisema tunamtoa mtoto kwa watu wake. Nilimjibu kwamba katika ile kalasi ya sabini wengi ni watoto wa Oicha, Mbau na Eringeti, nimewasikia wakiitana. Hakukubali siku ile. Kesho yake alikwenda mwenyewe na dola 15 za tranchi ya kwanza, akamuuliza prefe maswali ambayo mimi sikuuliza: choo cha wasichana kina mlango? Mtoto akifukuzwa kwa pesa, anafukuzwa wakati wa mtihani pia? Mlango upo. Swali la pili prefe alilizungukazunguka, na shemeji alikaa kwenye kiti mpaka akapata jibu, likaandikwa na kutiwa muhuri.

Kuna jirani aliyeniambia: mtoto msichana, mnajisumbua nini, miaka sita ijayo ni mke wa mtu. Huyo sina la kumwambia hapa.

Masomo yameanza. Masika anakaa benchi la mbele kwa sababu ya ufupi wake, na juma la pili alirudi amepata 6 kwa 10 katika Kifaransa, akakasirika mpaka akakataa fufu. Tranchi ya pili bado hatuna. Na mzee wa chaki amempa swali jipya la mistatili, nimejaribu mimi mwenyewe kwa siri usiku huu kabla ya kuwaandikia, na bado sijalipata.